Sauti Ngeni Redioni: Namna ya Kutafuta Chanzo cha Mwingiliano wa Masafa ya FM

Kwa mkaazi wa Unguja, redio si chombo cha burudani peke yake. Tangu Sauti ya Unguja ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1951, redio imekuwa ikipeleka majumbani habari, taarifa za vifo na tahadhari za bahari. Mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani na hatimaye kutua kisiwani Mafia, taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ziliwahusu moja kwa moja wavuvi na wasafiri wa vyombo vya baharini. Taarifa ya namna hiyo ikimezwa na mvumo, au ikifunikwa na sauti ya kituo kingine, hasara yake huenda ikawa kubwa kuliko kukosa wimbo.

Masafa ya FM huanzia megahezi 87.5 hadi 108, na kila kituo hupewa nafasi yake ndani ya eneo hilo. Mwingiliano hutokea pale wimbi lisilotakiwa linapoingia katika nafasi ya kituo. Kabla ya kumtafuta wa kulaumiwa, ni vyema kusikiliza kwa makini, kwani kila chanzo kina sauti yake.

Aina ya kwanza ni mvumo au mchakacho usiokuwa na maneno. Huu kwa kawaida hutokana na umeme: chaja za simu za bei nafuu, taa za LED, inveta za sola, au waya uliolegea. Kwa vile FM hustahimili kelele za umeme kuliko AM, kelele inayosikika kwenye FM mara nyingi hutoka karibu, au kituo chenyewe kinafika kikiwa dhaifu. Nje ya nyumba, chumvi ya bahari inayoganda kwenye vikombe vya nguzo za umeme, ikishapata unyevu, huweza kutoa cheche zinazosikika redioni.

Aina ya pili ni kituo kingine kusikika mahali pa kile kilichozoeleka. Ni tabia ya FM kwamba wimbi lenye nguvu zaidi hulimeza lililo dhaifu, hivyo msikilizaji husikia kituo kimoja kikitoweka na chengine kikishika nafasi yake. Hali hii ikitokea kwa saa chache na kisha ikaondoka, sababu huenda ni hewa yenyewe. Hewa ya joto na kavu inapolala juu ya hewa baridi yenye unyevu baharini, mawimbi hupinda na kusafiri mbali kuliko kawaida, na vituo vya Tanga au Mombasa vikasikika Unguja. Hapo hakuna aliyekosea, wala hakuna cha kutengeneza.

Hali ni tofauti ikiwa sauti hiyo inasikika kila siku, katika mtaa mmoja tu. Huenda ipo mashine ndogo ya kurushia matangazo iliyo jirani. Vifaa vinavyochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara ndani ya gari, ili muziki wa simu usikike kwenye redio ya gari, navyo hurusha kwa FM. Ndiyo maana sauti ngeni huweza kuingia daladala inapopita na kutoka inapokwenda zake.

Aina ya tatu huwashangaza wanaoishi karibu na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume: mazungumzo ya marubani kusikika redioni. Mara nyingi kasoro hiyo imo ndani ya redio yenyewe. Redio rahisi isiyochuja vizuri huweza kupokea pia masafa yaliyo megahezi 21.4 juu ya yale iliyowekewa. Ikiwekwa kwenye 98, hupenyewa na 119.4, ambayo ni masafa ya anga. Kuibadilisha redio ndiyo dawa.

Mji Mkongwe una tatizo lake. Kuta nene za mawe ya matumbawe hudhoofisha mawimbi, na mapaa ya mabati huyarudisha. Redio inayokoroma ukumbini huenda ikasema vizuri dirishani au juu ya dari. Kwa hiyo, kusogeza redio ni jaribio la kwanza.

Jaribio la pili ni kutumia redio ya betri na kuzima swichi kuu ya nyumba. Kelele ikikoma, chanzo kimo ndani. Umeme urejeshwe na vifaa viwashwe kimoja kimoja hadi mkosaji ajulikane. Kelele ikiendelea, chanzo kipo nje. Msikilizaji aishike redio karibu na kifua na kugeuka taratibu. Kelele inapopungua kabisa, mwili wake umekingama kati ya redio na chanzo, maana yake chanzo kipo nyuma ya mgongo wake. Akirudia jaribio hilo katika sehemu mbili au tatu za mtaa na kuchora mistari ya mielekeo hiyo kwenye karatasi, mahali mistari inapokutana ndipo pa kuanzia kuuliza.

Kuuliza huko kuwe kwa salamu na hisani. Jirani mwenye chaja mbovu aghalabu hajui kama inawaudhi wengine. Ni marufuku kupanda nguzo, kukata waya au kuingia kwenye nyumba ya mtu. Hitilafu za nguzo hupelekwa Shirika la Umeme Zanzibar.

Masafa husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yenye ofisi Zanzibar na vyombo vya kupimia mwelekeo wa mawimbi, ilhali vituo vya utangazaji husimamiwa na Tume ya Utangazaji Zanzibar. Kurusha matangazo bila ya leseni ni kosa, na sababu yake ni nzito: pale masafa ya FM yanapokoma, kwenye 108, ndipo yanapoanza masafa ya vyombo vya kuongozea ndege. Mashine iliyotengenezwa ovyo humwaga mawimbi nje ya nafasi yake na huweza kufika huko.

Mkaazi anayetaka kutoa taarifa, ama moja kwa moja au kupitia kwa sheha wake, aandike mambo matano: masafa yaliyoathirika, tarehe na saa, mahali, aina ya sauti iliyosikika, na majaribio aliyokwisha kuyafanya. Akiweza kurekodi sauti hiyo kwa simu, iwe pamoja na maelezo yake. Taarifa yenye mambo hayo humuonesha fundi mtaa wa kuanzia na saa ya kwenda.