Mumeo Hali Chakula Chako? Huenda Ni Kisukari

Mama mmoja alitujia kliniki peke yake, bila mgonjwa. Alikaa kwenye benchi mpaka foleni ikaisha, ndipo akatufungulia moyo wake. Mumewe ana kisukari, huu ni mwaka wa 15, naye hujidunga insulini. "Dada nesi," akasema, "mume wangu hali tena chakula changu. Anakula matonge matatu, anasukuma sahani, anasema ameshiba. Mwanamume mzima, matonge matatu! Kuna mahali anakula kabla ya kurudi nyumbani."

Mahali alipomaanisha tulipaelewa.

Tukamwuliza kama mumewe hutapika. Ndiyo, asubuhi nyingine hutapika. Hutapika nini? Alifikiri kidogo. "Maharage. Yale ya jana jioni, mazima mazima."

Basi hapo tulijua kuwa hakuna mwanamke mwingine. Mtu aliyekula kwingine hatapiki maharage ya mkewe ya jana.

Mama mpendwa, mfuko wa tumbo ni kama kinu. Huponda chakula kigumu mpaka vipande viwe vidogo sana, chini ya milimita 2, ndipo hukiruhusu kushuka kidogo kidogo kwenye utumbo mwembamba. Kwa mtu mzima mwenye afya, karibu chakula chote kinakuwa kimeshuka baada ya saa 4. Kazi hiyo ya kuponda huamriwa na mshipa mrefu wa fahamu unaotoka kwenye ubongo, ukapita shingoni na kifuani hadi tumboni. Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu. Ndiyo maana wagonjwa wengi hufa ganzi miguuni. Mshipa wa tumbo nao ukiharibika, kinu hulegea na chakula hulala humo. Madaktari huita hali hiyo gastroparesisi, yaani tumbo kupooza kwa sehemu. Mwaka 1958 daktari mmoja aitwaye Kassander aliandika juu ya wagonjwa wa kisukari ambao matumbo yao yalibakiza chakula ingawa wenyewe hawakulalamika. Kwa hiyo mgonjwa aweza kuwa na hali hii bila kutapika hata mara moja.

Dalili zake ni kushiba upesi, tumbo kujaa, kichefuchefu, kiungulia, kucheua, na kutapika chakula kilicholiwa saa nyingi zilizopita. Wengi hudhani ni vidonda vya tumbo, wakanunua dawa dukani miezi na miezi. Nasi wauguzi tusijitoe katika kosa hilo. Huyu mume alikuwa ameshapewa dawa za vidonda mara mbili kabla hatujamwuliza anatapika nini.

Lakini kutapika siyo hatari kubwa kuliko zote. Yule mama alitueleza kwamba usiku mmoja aliamka akamkuta mumewe amelowa jasho, anatetemeka, anasema maneno yasiyoeleweka. Majirani waliitwa wakaja kuomba. Maombi ni mema, ila sukari ilikuwa imeshuka, na kama si mtoto wao mkubwa aliyekumbuka kumpa maji ya sukari, tungekuwa tunaandika habari nyingine.

Tazama jinsi inavyotokea. Baba anajidunga insulini, kisha anakula. Insulini inaingia kazini mara moja. Chakula kiko ndani ya kinu kilicholegea, hakijafika kwenye damu, hivyo sukari inaanguka. Baadaye, insulini ikiwa imekwisha nguvu, chakula kinashuka na sukari inapanda. Asubuhi kipimo kiko juu, na nyumba nzima inamlaumu kwamba anaiba soda. Isitoshe, sukari ikiwa juu, yenyewe hulizidishia tumbo uzito wa kufanya kazi.

Sukari ikishuka, usimpe mkate wala ugali, maana utakaa tumboni. Mpe vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji, ngoja dakika 15, umpime tena. Kama bado iko chini, rudia. Kama hajitambui, usimtie kitu chochote kinywani. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali.

Sasa tuingie jikoni, na hapa inatubidi tukiri jambo. Kwa miaka mingi tumewafundisha wagonjwa wa kisukari kula dona, maharage na mboga za majani kwa wingi. Ni mafundisho mazuri, na kwa walio wengi yabaki hivyo hivyo. Lakini kwa mwenye tumbo lililopooza, nyuzinyuzi hizo na maganda ya maharage ndivyo vitu visivyopondeka. Huweza hata kujikusanya tumboni vikawa donge gumu. Yule mama alikuwa akipika kwa utii kabisa kama tulivyomwelekeza, na kadiri alivyotii ndivyo mumewe alivyozidi kutapika.

Kwa mgonjwa wa namna hii, gawa chakula cha siku mara 5 au 6, kidogo kidogo. Pika laini: mtori, viazi vilivyopondwa, samaki wa kuchemsha asiye na miiba, yai, nyama ya kusaga, mtindi, papai lililoiva. Maharage yakipendwa sana, yachemshe mpaka yalainike, yaponde na uyachuje maganda. Mahindi ya kuchoma, makande na machungwa yanayoliwa na nyama zake aviache. Punguza mafuta ya kukaangia, kwa kuwa mafuta huchelewesha tumbo. Siku ambazo chakula kigumu hakipiti, supu iliyochujwa na uji mwepesi hupita, kwa sababu vinywaji havihitaji kupondwa sana. Ila ujue kwamba uji na mtori hupandisha sukari, basi upime kwa kikombe kile kile kila siku. Atafune sana. Akimaliza kula asilale kwa saa 2. Atembee polepole uani. Sigara na pombe huzidi kulichelewesha tumbo.

Hospitali daktari ataanza kwa kuangalia kama kuna kitu kinachoziba njia, mara nyingi kwa mpira wenye kamera unaopitishwa kinywani. Dawa za kuamsha tumbo zipo, mathalani metoklopramidi, lakini si za kujinunulia. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kwamba ikitumiwa muda mrefu, hasa kupita majuma 12, huweza kuleta mchezo wa midomo, ulimi na uso usiozuilika, ambao huenda usiishe hata dawa ikiachwa. Baadhi ya dawa kali za maumivu, na zile sindano mpya za kisukari na kupunguza mwili kama semaglutidi, nazo huchelewesha tumbo. Daktari aambiwe.

Insulini usiipunguze wala kuisimamisha kwa akili yako, hata akitapika. Daktari aweza kubadili saa ya kudunga, pengine baada ya kula badala ya kabla, lakini huo ni uamuzi wake. Mgonjwa akitapika hata maji hayakai, au akihema kwa nguvu, usingoje kesho. Na wakati kanisa linatangaza mfungo, huyu asifunge bila kuongea na daktari wake.

Mshipa ulioharibika mara nyingi haurudi kama ulivyokuwa. Tulimwambia yule mama ukweli huo. Alinyamaza, kisha akauliza kama mtori waweza kukaa kwenye chupa ya chai mpaka mumewe arudi kazini. Unaweza, tukamwambia, ikiwa chupa ni safi na mtori umewekwa ukiwa wa moto sana.

Tukampa daftari. Andika humo saa aliyodunga, saa aliyokula, alichokula, kipimo cha sukari, na akitapika, ametapika nini. Daftari hilo lije kliniki pamoja na dawa zote anazotumia, hata zile za mitishamba zinazofichwa chini ya kitanda.