Ukuta wa Kukwea Nyumbani Uanze na Michezo

Anayejenga ukuta wa kukwea nyumbani kwa mara ya kwanza, awe Nairobi au Sheffield, humaliza hesabu zake zote kwenye vifaa: unene wa plaiwudi, idadi ya bolti, kimo cha dari, bei ya vishikio. Swali la watu watafanya nini pale ukutani hubaki kiporo. Fundi akishaondoka, jibu hutafutwa kwenye video za wapandaji mahiri wanaoning'inia kwa ncha za vidole huku wakihesabu sekunde. Haupiti muda mrefu watoto wamesharudi kwenye simu zao na mtu mzima anauguza kiwiko. Kosa hapo haliko kwenye mbao, wala si uvivu wa watu. Anayeanza hapaswi kuanzia kwenye mazoezi ya nguvu. Aanze na michezo, na si kwa sababu michezo inachangamsha tu, bali kwa sababu ndiyo inayofundisha kukwea.

Kuta za namna hii zina asili zaidi ya moja. Mwaka 1964, Don Robinson, mwalimu wa mazoezi ya viungo katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, alipachika vipande vya mawe kwenye ukuta wa korido ya chuo, watu wakapata pa kujifunzia kukwea bila kwenda mlimani. Mwaka 1988, huko Nuremberg, Ujerumani, Wolfgang Güllich alifunga ubao wenye vipandio vyembamba, akawa anaupanda kwa mikono peke yake, miguu ikiwa hewani. Mwaka 1991 aliimaliza Action Directe, njia iliyokuwa kileleni mwa ugumu duniani wakati ule. Ubao ule ulimfaa mtu ambaye miguu yake ilikwishajua kazi yake, akabakiza kuvitia vidole nguvu. Nyumbani tumeiga ubao wa Güllich, ilhali tunachohitaji ni korido ya Robinson.

Mtazame anayekwea kwa mara ya kwanza. Macho yote yako juu, kwenye kishikio kinachofuata. Mguu unanyanyuka bila kutazamwa, unagonga plaiwudi, unateleza, unagonga tena, hatimaye unakanyaga kishikio kwa katikati ya wayo. Muda wote huo mikono imekunjwa na ndiyo inayobeba mwili mzima, hata vidole vinaanza kufunguka vyenyewe. Kumpa mtu huyo vyuma avute ni kumtibu asipougua. Mpe mchezo wa miguu kimya: mguu wowote ukitoa sauti ukutani, anarudi mwanzo. Papo hapo atalazimika kutazama chini, kulenga kwa ncha ya kiatu, kuutuliza mguu, kisha kuusukuma mwili juu kwa kunyoosha goti. Au mpe mipira miwili ya tenisi, mmoja kila kiganja, atambae kando kando karibu na godoro bila kuiachia. Kwa kuwa hawezi kushika, itambidi aegemee, asukume na kuhamisha nyonga kabla ya kuhamisha mkono. Mwingereza Johnny Dawes amejulikana kwa kupanda miamba bila kutumia mikono kabisa, na kinachomwezesha ni hicho hicho: uzito kukaa juu ya miguu.

Mchezo ninaoupa nafasi ya kwanza, hata hivyo, ni ule wa nyongeza. Wa kwanza anafanya miondoko miwili anayoitaka. Wa pili anairudia, anaongeza mmoja wake. Wa tatu anairudia yote mitatu, anaongeza wa nne, na anayeanguka au kusahau anatoka. Ikifika duru ya nane, mwenye kimo kifupi atakuwa ameweka mwondoko wa kupandisha mguu hadi usawa wa kiuno, kwa sababu hiyo ndiyo njia pekee ya yeye kufika. Mrefu, ambaye mpaka hapo alikuwa anamaliza kila kitu kwa urefu wa mikono, sasa inabidi ajikunje na kutafuta mizani upya. Hakuna kocha aliyemwagiza. Kila mchezaji anafundishwa na mwili wa mwenzake.

Faida ya kubadilisha-badilisha namna hii imewahi kupimwa. Mwaka 1978, watafiti Robert Kerr na Bernard Booth waliwapa watoto vifuko vya kurusha kwenye shabaha. Katika kundi la wenye miaka minane, waliofanya mazoezi kwa umbali wa futi 2 na 4 walilenga vizuri zaidi kwenye futi 3 kuliko waliokuwa wamezoea futi 3 tu. Kweli, kurusha kifuko si kukwea, na jaribio moja haliwezi kubeba hoja nzima. Lakini linakubaliana na jinsi mchezo wenyewe ulivyo: kwenye mashindano ya kukwea mawe mafupi, kama yale ya Olimpiki ya Paris 2024, mshindani hukutana na njia ambayo hajawahi kuigusa.

Wapo watakaosema kwamba bila nguvu za vidole hakuna maendeleo. Ni kweli, ila swali ni lini. Misuli hukomaa haraka kuliko kano, na kwa kijana anayekua, vidole vina sehemu laini ambako mfupa bado unarefuka. Mzigo mkali unaorudiwa unaweza kuivunja. Ndiyo maana wataalamu wa tiba ya wapandaji huonya walio chini ya miaka 18 dhidi ya ubao wa aina ya Güllich. Pingamizi zito zaidi ni kwamba ushindani huwafanya watu wajirushe ovyo. Hili nalikubali, na dawa yake ni kuziandika kanuni ndani ya mchezo: njia ziende kando kuliko juu, godoro lifunike eneo lote la kuangukia, asiwepo mtu chini ya mpandaji, na anayeanguka atue kwa miguu yote miwili, akunje magoti, ajibingirishe kwa nyuma bila kutanguliza viganja.

Kuhusu udogo wa ukuta, ambao ndio huwakatisha wengi tamaa, chukua fimbo. Mmoja asimame chini, amwonyeshe mpandaji kishikio kimoja kimoja cha kushika, naye asijue kinachofuata. Vishikio ishirini vinavyoonekana vimekwisha ladha vitatoa njia ambazo hakuna aliyewahi kuzipita. Kwa hiyo mwenye bajeti ndogo aache vile vyembamba vya kuvutia macho dukani, anunue vikubwa vya maumbo tofauti, avifunge vingi chini kuliko juu. Huko chini ndiko miguu itakapofanya kazi.