Fahamu: Kwa nini ramani ya diski isikae kwenye seva pekee

Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayetunza taarifa za watu azingatie uwezo wa kuzirejesha kwa wakati mitambo inapoharibika. Kwa chuo cha Thika au kiwanda cha Ruiru chenye seva ya Linux inayotumia LVM, sharti hilo linagusa folda ndogo ambayo wengi hawaifungui: /etc/lvm. Faili ya lvm.conf huongoza jinsi LVM inavyofanya kazi ya kuunganisha diski kadhaa na kuzigawa upya. Folda ya backup huhifadhi ramani ya mgawanyo wa sasa, na archive zile za awali. Ramani ikipotea, data inaweza kuwa nzima kwenye diski na bado isisomeke.

Fundi atasema LVM huandika ramani hiyo kwenye diski zenyewe pia. Ni kweli, na mara nyingi hutosha. Lakini amri ya lvremove, inayofuta kigawanyo, ikitolewa kimakosa, badiliko huandikwa humo papo hapo, na kurudi nyuma kwa amri ya vgcfgrestore kunahitaji faili ya archive. Kama /etc nayo imo katika diski hizohizo na seva haiwaki, ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba. Ramani si data, hivyo nakala za kawaida bado ni za lazima. Wasimamizi wa mifumo, nakilini /etc/lvm nje ya seva kila mnapobadilisha mgawanyo.