Bateri ya moto inaisha kila mara? Mbele ya kununua mupya, pima chaji

Wamotari wengi, klaksoni ikianza kulia kidogo na demareri ikigoma, wanaenda kununua bateri mupya. Kisha siku chache, ni vile vile tena. Pesa imepotea, na mwenye moto anangojea pesa yake ya kila siku.

Bateri inachunga umeme tu. Yenye kuutoa ni statori, iko ndani ya injini. Regilateri inaupima na kuutuma mu bateri. Kimoja kikikufa, hata bateri mupya itaisha.

Omba fundi apime na multimetri. Injini ikiwa imezimwa, bateri yenye kujaa inaonyesha karibu volti 12,6. Kama imeshuka sana, aichaji kwanza. Kisha awashe moto, apige gazi kidogo, apime tena pale pale mu bateri:

– Ikifika kati ya 13,5 na 14,5: chaji iko muzuri. Shida ni bateri yenyewe, ao kitu chenye kukula umeme usiku, kama alarme ao taa za kuongeza.
– Ikibaki 12 ao kushuka: chaji haifike. Aanze na vitu vya bei kidogo: fizibli, waya zenye kukatika, plagi zenye kutu. Kisha regilateri na statori.
– Ikipita 15: regilateri imekufa. Itaharibu bateri na kuunguza ampuli.

Usitoshe waya ya bateri injini ikiwaka. Unaweza kuunguza regilateri.

Na mbele ya kulipa, omba fundi akuonyeshe hizo namba.