Kifukofuko cha Uani katika Somo la Sayansi

Walimu wanafunzi hutuuliza mara kwa mara wafanye nini mtoto aletapo darasani kitu ambacho mwalimu mwenyewe hakijui. Swali hili halijibiki vema kwa nadharia tupu. Tutaeleza basi jambo lililotokea katika uwanja wa chuo chetu, kwenye nyanda kavu za katikati ya Tanzania, wakati wa mazoezi ya kufundisha.

Mwezi wa Julai watoto wa darasa la nne wa shule ya mazoezi waliona vitu vitatu juu ya tawi la mgunga. Kila kimoja kilikuwa na ukubwa wa yai la njiwa, rangi ya kijivu, kigumu kama karatasi ya boksi, nacho kimefungwa tawini kwa nyuzi. Mtoto mmoja alikishika akawashwa vidole, maana kilikuwa kimechanganyika na vinyweleo. Wengine walisema ni mayai ya mjusi, wengine nyumba ya buibui.

Mwalimu mwanafunzi aliyekuwa na kipindi alikata shauri upesi. Alisema ni vifukofuko vya kipepeo, akachora ubaoni yai, kiwavi, pupa na kipepeo, akawaahidi watoto kwamba kipepeo kitatoka. Kwa kawaida vipepeo hawajifumii kifukofuko. Pupa wao huning'inia wazi. Wafumao nyumba ya hariri hasa ni viwavi wa nondo, na huko Mwingi, Kenya, watu wamekusanya vifukofuko vya nondo wa migunga ili kusokota hariri. Lakini kosa hilo la jina si kubwa. Kubwa ni ile ahadi.

Kifukofuko kimoja kilikuwa na tundu pana kwenye ncha, tena chepesi. Hicho tulikipasua kwa mkasi. Ndani tulikuta ganda la pupa lenye rangi ya kahawia na, kando yake, ngozi ya kiwavi iliyokunjamana. Viwili vilivyosalia hatukuvipasua. Tulivitia pamoja na vijiti vyake katika chupa mbili za jamu, tukafunika kwa kipande cha chandarua, tukaziweka mahali pasipo jua kali. Chakula hatukuweka, kwa kuwa pupa hali. Kila siku watoto waliandika tarehe na walichokiona. Wiki za kwanza waliandika "hakuna badiliko", nasi twaona maneno hayo ni maandishi ya sayansi kamili.

Asubuhi moja ya Agosti, kabla ya kengele, tulimkuta mwalimu yule ameshika chupa ya kwanza, yuko njiani kwenda jalalani. Ndani yake walitambaa wadudu weusi wenye mabawa, wadogo kama sisimizi. Walikuwa nyigu. Kifukofuko kilikuwa na matundu madogo madogo ubavuni. Alituambia kwamba watoto wakiona hivi hawatamwamini tena. Hofu hiyo twaielewa, hata sisi wakufunzi tunayo. Hata hivyo tulimsihi airudishe chupa dirishani.

Watoto walihesabu nyigu thelathini na mmoja. Mmoja akauliza, "Mwalimu, hawa waliingilia wapi?" Mwalimu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sijui. Tutazame." Walizunguka kifukofuko kwa kioo cha kukuzia. Kila tundu lilikuwa na kingo zilizotafunwa kutoka ndani; tundu la kuingilia halikuonekana. Msichana mmoja akasema huenda walikuwamo mwilini mwa kiwavi kabla hajajifumia nyumba. Ndivyo wafanyavyo nyigu wengi: jike hutaga mayai juu ya kiwavi au ndani yake, na mabuu yao humla akiwa hai. Lakini wako pia nyigu ambao hudunga kifukofuko kilichokwisha kufumwa kwa mrija wao mwembamba wa kutagia, na alama yake huenda isionekane kwa macho. Kwa hiyo mwalimu aliandika jibu la msichana ubaoni, na mbele yake neno "labda". Katika mazoezi yote ya mwaka ule hatukuona kipindi kilichotupendeza kuliko hicho.

Chupa ya pili ilikaa kimya hadi mwishoni mwa Novemba, mvua za kwanza zilipokwisha kunyesha. Nondo mkubwa wa kahawia alitoka usiku. Hapa kosa lilikuwa letu wakufunzi: kijiti kilikuwa kimeanguka nasi hatukukisimamisha, basi nondo hakupata mahali pa kuning'inia ili mabawa yake yanyooke kabla ya kukauka. Yalikauka yakiwa yamekunjamana, asiweze kuruka. Ye yote atakayejaribu kazi hii na akaze kijiti, kiegemee ukuta wa chupa, tena akikague kila jioni.