Kwa nini wateja hukimbilia kutoa pesa benki ikifujwa na wakubwa wake

MKAZI wa Kamenu mjini Thika anapoweka Sh20,000 katika akaunti yake, pesa hizo hazikai kabatini zikimsubiri. Benki hubakisha sehemu ndogo tu kwa wanaokuja kutoa, na zilizosalia huzikopesha mwenye matatu wa Ruiru, mfanyabiashara au hata serikali.

Utaratibu huo hufaulu maadamu wateja hawaji wote kwa siku moja. Wakija kwa pamoja, hata benki yenye mali nyingi haiwezi kuirejesha mikopo yake kwa saa chache. Kwa hivyo, nguzo ya benki ni imani, na hakuna kinachoivunja upesi kama habari kwamba aliyekabidhiwa funguo ndiye mwizi.

Wakenya walijionea hayo kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016, benki tatu zilipofungwa. Ya kwanza ilikuwa Dubai Bank. Ya pili, Imperial Bank, ilifungwa Oktoba 13, 2015, siku ile ile hatifungani zake za Sh2 bilioni zilipotarajiwa kuanza kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Wiki chache baada ya kifo cha mkurugenzi wake mkuu, bodi iliarifu Benki Kuu kuwa imegundua shughuli zisizofaa. Ilibainika kuwa mabilioni ya shilingi yalikuwa yakitoka kwa miaka mingi pasipo kuonekana vitabuni.

Tangu hapo wenye akiba waliingiwa na hofu. Mapema Aprili 2016, Chase Bank ilitoa upya hesabu zake, zikionyesha kuwa mikopo kwa watu wa ndani ilikuwa mikubwa kuliko ilivyoripotiwa awali. Viongozi wake wawili wakang'atuka. Habari zikaenea katika simu za mkononi, wateja wakafurika kutoa pesa, na Aprili 7 Benki Kuu ikaifunga.

Milango ilifunguliwa tena Aprili 27 chini ya usimamizi wa KCB, wateja wakiruhusiwa kutoa hadi Sh1 milioni. Mwaka 2018, benki ya SBM ilichukua asilimia 75 ya amana zilizokuwa zimezuiliwa. Waliobakiwa na robo waliachwa wakingoja.

Balaa hili si geni. Mwaka 1878, City of Glasgow Bank ya Scotland iliporomoka, ikagunduliwa kuwa wakubwa wake walikuwa wamepika hesabu ili kuficha mikopo mibovu. Walifungwa gerezani mwaka uliofuata. Hata hivyo, wenye amana walilipwa, kwa kuwa sheria ya wakati huo iliwalazimisha wenye hisa kulipa madeni ya benki kwa mali zao wenyewe. Wengi wao walifilisika.

Siku hizi mwenye hisa hupoteza hisa zake tu. Pengo linalozidi hapo humwangukia mwenye akiba, na kinga yake ni Shirika la Bima ya Amana (KDIC). Benki za 2015 na 2016 zilipofungwa, fidia ilikuwa Sh100,000 pekee kwa kila mteja. Tangu Julai 2020 ni Sh500,000.

Maana yake ni kuwa mwenye Sh400,000 hana haja ya kupiga foleni alfajiri anaposikia uvumi, ingawa huenda akasubiri malipo. Lakini chama cha akiba au mwenye duka aliyeweka Sh2 milioni katika benki moja hana bima kwa Sh1.5 milioni. Huyo ana sababu ya kugawa akiba yake katika benki mbili au zaidi, na ya kusoma hesabu ambazo kila benki hulazimika kuchapisha, hasa mstari unaotaja mikopo kwa wakurugenzi na wafanyakazi.