Kenya: Nani Atunze Akiba ya Mfanyakazi?

Kwa miaka mingi mfanyakazi wa Kenya hakukatwa zaidi ya shilingi 200 kwa mwezi kwa ajili ya uzee wake, na mwajiri akaongeza kiasi kama hicho. Fedha hizo zilitunzwa na Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ulioundwa mwaka 1965, naye mzee alipostaafu alikabidhiwa akiba yake kwa mkupuo mmoja. Akiba ya namna hiyo haikuweza kumfikisha mtu mbali.

Sheria ya mwaka 2013 ilikusudia kuiondoa hali hiyo. Mfanyakazi achangie asilimia 6 ya mshahara na mwajiri asilimia 6. Lakini michango iligawanywa madaraja mawili, na hapo ndipo ulipo mzizi wa ubishi. Daraja la kwanza, litozwalo katika sehemu ya chini ya mshahara, sharti liende katika mfuko wa taifa. Daraja la pili, litozwalo katika sehemu inayozidi hapo, laweza kwa idhini ya serikali kupelekwa katika mfuko wa watu binafsi.

Hebu tutazame tarakimu. Kuanzia Februari 2025 mpaka wa chini uliwekwa shilingi 8,000 na wa juu 72,000. Mwenye mshahara wa 72,000 alikatwa shilingi 4,320. Kati ya hizo, 480 tu zilikuwa za lazima katika mfuko wa taifa. 3,840 zingeweza kwenda kwingine. Mwenye mshahara wa 8,000 hakuwa na hata senti ya kuhamisha. Tena anayeomba idhini ya kuhama ni mwajiri, ingawa fedha ni za uzee wa mfanyakazi!

Wanaoitetea mifuko binafsi wana hoja isiyofaa kubezwa. Mfuko wa taifa ulilaumiwa sana katika miaka ya 1990 kwa ununuzi wa viwanja uliotiliwa shaka, na wanachama hawajasahau. Hata hivyo, kuhama hakuondoi hatari. Masoko ya hisa yakianguka, akiba ya mfanyakazi ndiyo ipunguayo, na kampuni inayoisimamia huendelea kutoza ada yake.

Waajiri wa mashamba ya chai na chama cha wafanyakazi wa kaunti, ambao si kawaida yao kusimama upande mmoja, waliipinga sheria hiyo mahakamani. Mwaka 2022 Mahakama ya Kazi iliibatilisha. Februari 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na makato mapya yakaanza. Februari 2024 Mahakama ya Juu Kabisa nayo ikaitengua hukumu ya Rufani na kuirudisha kesi huko ili hoja zenyewe ziamuliwe. Muda wote huo makato hayakusimama.

Tanzania ilishika njia nyingine mwaka 2018, ilipounganisha mifuko yake ya umma ikabaki miwili, na huku nako wastaafu walilalamikia kikokotoo.

Wakenya walio wengi, lakini, hufanya kazi za jua kali. Fundi seremala wa Gikomba hana mwajiri wa kumwongezea asilimia 6, wala hati ya mshahara ya kukatwa daraja lolote.